Siku yangu ya kwanza kuvua kwa kayaki na chambo hai imeisha vibaya, nilikosea wapi?

KafiJipya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada na msinicheke sana. Nimevua ufukweni miaka kama mitatu hivi, kutupa mshipi na kusubiri tu, ila jumamosi iliyopita ndo mara yangu ya kwanza kuingia majini na kayaki. Nimeazimwa na rafiki, ile ya kukaa juu yenye matundu ya kutolea maji, urefu kama mita 3. Nilikuwa nimeangalia video nyingi mpaka nikajiona fundi. Mpango ulikuwa niamke alfajiri, nivue vibua wadogo kwa sabiki (ule mshipi wenye ndoana ndogo kadhaa) karibu na nguzo za gati, niwaweke kwenye ndoo wakiwa hai halafu nipige kafi mpaka kwenye mwamba ambako watu wa boti huwa wanapata kolekole.

Vibua nilipata, tena haraka, nadhani 25 ndani ya nusu saa mpaka nikaanza kujisifu peke yangu. Nikawatia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, maji robo tatu, nikaifunga nyuma ya kiti. Kutoka pale mpaka mwambani ni kama dakika 50 kwa mwendo wangu. Nafika nafungua mfuniko, wote tumbo juu isipokuwa watano sita ambao nao walikuwa wanahema juu juu kama wanaomba msamaha. Nikachomeka mmoja mgongoni, akafa ndani ya dakika chache, wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaliwa! Mshipi ukaanza kutoka, nikavuta fimbo juu kwa nguvu zote kama nilivyozoea ufukweni, kitu kikaachia. Ndoana nilitumia ile ya duara kwa sababu nilisoma ndo nzuri.

Wa nne ndo kituko. Akaliwa na kitu kikubwa, kayaki ikaanza kuvutwa, mimi nacheka kwa raha, mshipi ukahamia ubavuni, nikageuka nyuma kuangalia wavu uko wapi na hapo hapo nikajikuta ndani ya maji. Fimbo moja imekwenda, plaizi imekwenda, ndoo imekwenda na marehemu wake. Nimehangaika kupanda kama robo saa. Na nilivyotulia nikaona nimesogea mbali kuliko nilivyodhani, kumbe upepo ulikuwa unatoka nchi kavu na asubuhi sikuusikia kabisa, kurudi imenichukua zaidi ya masaa mawili na mikono mpaka leo haiinuki.

Sasa maswali. Hawa vibua wanakaaje hai? Ndoana inachomekwa wapi hasa maana kila video inasema lake? Kule kupinduka ni kayaki ndogo au ni mimi? Au niachane na chambo hai nitumie bandia mpaka nizoee?

Chubwi

Pole mkuu, ila kwa kweli hao vibua uliwaua kabla hujaondoka gatini. Samaki 25 kwenye lita 15 za maji, mfuniko umefungwa, hakuna pampu ya hewa, hiyo sio ndoo ya chambo hilo ni jeneza. Mimi nahesabu samaki mmoja wa urefu wa kiganja kwa kila lita 4, na hapo pampu inafanya kazi muda wote. Kwa ndoo yako ni wanne. Najua wanne wanaonekana kama utani baada ya kuvua 25 kwa nusu saa, roho inauma kuwarudisha, ila wanne wazima wanakupa asubuhi nzima ya uvuvi na 25 wafu wanakupa harufu.

Halafu sio hewa tu. Uchafu wa samaki unatoka kama amonia kupitia matamvua, baharini unapotea, kwenye ndoo unawarudia wenyewe. Ukiona juu kuna povu ambalo halivunjiki na maji yameanza rangi ya chai ujue umechelewa. Wewe bahati yako uko juu ya maji yale yale uliyowavulia, kwa hiyo kila dakika 10 chota kikombe mwaga, chota kikombe tia, taratibu, usiyamwage yote kwa mkupuo ukawaletea maji ya joto tofauti ghafla.

Na joto lenyewe, hapa wengi ndo wanapigwa. Maji matamu ya nyuzi 10 yanabeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu, ya chumvi pungufu ya hapo. Yaani kadri ndoo inavyopigwa jua ndivyo hewa inavyopungua, na huku samaki mwenye joto anataka hewa nyingi zaidi, basi anabanwa pande zote mbili. Ndoo iwe nyeupe, ifunikwe kitambaa kilicholowa, na kama una chupa ya maji yaliyoganda tumbukiza ikiwa imefungwa vizuri. Mfuniko uwe na matundu. Ndoo ya mviringo ni nzuri kwa sababu samaki anazunguka, kwenye boksi la kona anajigonga pua mpaka anachubuka.

Kingine ni mkono. Kibua ukimshika na mkono mkavu magamba na ule utelezi wake vinabaki kwako, na ule utelezi ndo ngozi yake ya kumkinga, akishaupoteza anaweza kuogelea vizuri dakika kumi halafu anakufa. Usimshike kabisa. Chukua waya mgumu wenye kikulabu, kamata ndoana ya sabiki nao, geuza juu ya ndoo, tingisha, anaanguka mwenyewe. Mimi nikimdondosha kibua hata mara moja kwenye sakafu ya kayaki namrudisha baharini hapo hapo, simweki na wenzake.

Kuna wanaoburuta kile kibomba chenye matundu nyuma ya kayaki, maji yanapita yenyewe hakuna haja ya pampu. Kinafanya kazi, ila ukipiga kafi ni kama unamburuta mtu, na siku moja nilikivuta nikakuta kimetafunwa kamba, sijui nani na sikutaka kujua.

Mgongoni ni sawa, ila nahisi ulichomeka chini sana ukagusa uti. Pitisha juu juu tu, chini ya ngozi na nyama kidogo nyuma ya pezi la mgongo.

Swali: hiyo ndoo uliiosha na nini?

MzeeWaNanga

Mwanangu, hao wenzako watakufundisha vibua. Mimi nimesoma nikafika pale ulipoandika upepo unatoka nchi kavu nikaweka simu chini kwanza.

Huo ndio upepo wa kuogopa kwa chombo kidogo. Ukisimama ufukweni huusikii kwa sababu miti na majumba na vilima vinaukinga, maji ya karibu yametulia kama kioo, na mawimbi yanakwenda mbali nawe kwa hiyo unaona migongo yao tu, huoni vichwa. Kila ukisogea nje unaongezeka, tena unakusukuma, unaona kafi limekuwa jepesi unajisifu una nguvu. Deni unalipa kurudi. Upepo wa kutoka baharini unakera na unakulowesha, lakini ukiishiwa nguvu unakurudisha nchi kavu. Huu mwingine ukiishiwa nguvu unaendelea na safari yake na wewe.

Mgeni safari yake ianze kwa kupambana na upepo na mkondo, akichoka ageuze arudishwe. Na angalia utabiri wa upepo wa siku nzima, sio wa alfajiri tu. Ukipita kama kilomita 18 kwa saa baki nyumbani, na ukiwa majini ukaona vichwa vyeupe vinaanza kuvunjika huku na huku, rudi, hata kama chambo bado wamebaki, hasa kama bado wamebaki maana hapo ndipo mtu anaposema ngoja nimalizie.

Sasa nijibu mawili. Nani alijua umekwenda wapi na unarudi saa ngapi? Na jaketi la kujiokolea lilikuwa wapi? Usiniambie lilikuwepo. Niambie lilikuwa wapi.

KafiJipya

Shikamoo mzee. Jaketi lilikuwa nyuma ya kiti, linanibana mabega nikitupa mshipi. Na aliyejua ni mwenye kayaki tu, nilimwambia naenda kuvua, sikumwambia wapi.

@Chubwi ndoo nimeiosha na sabuni ya unga usiku wake, ilikuwa ya rangi ya ukuta.

Chubwi

Ya RANGI? na sabuni juu yake? 😂😂 mkuu hao vibua walikukosea nini. Plastiki inanyonya vitu, ukitia maji vinarudi polepole. Tafuta ndoo ambayo haijawahi kubeba kemikali, isuuze na maji ya chumvi tu, basi, na hiyo ndoo isifanye kazi nyingine maisha yake yote. Na mikono ikiwa na mafuta ya kujikinga jua au dawa ya mbu usiiingize kwenye maji yao. Kama siku moja utavua maji matamu ukajaza ndoo na maji ya bomba, yale ya dawa, nayo yanaua, klorini inaunguza matamvua.

MzeeWaNanga

Marahaba. Jaketi lililo nyuma ya kiti ni mto wa kuegemea. Ulipopinduka lilikwenda upande wake na wewe upande wako, sivyo? Tafuta lile lililokatwa mabegani lenye sponji ya mgongoni iliyopandishwa juu, limetengenezwa kwa watu wa kayaki, mikono inazunguka vizuri na kiti hakikusukumi. Lifunge mpaka mtu akilivuta mabegani lisipande masikioni. Filimbi iningʼinie hapo. Simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, na mfuko uwe mwilini mwako, sio kwenye kayaki, maana siku mkiachana unataka simu ibaki na nani?

Na maji yakiwa baridi, vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya jua. Chini ya nyuzi 15 kuna hesabu ya 1, 10, 1: dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka unavuta pumzi bila hiari yako, dakika 10 ndizo ambazo mikono bado inakutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakuzimisha. Wewe ulihangaika robo saa kupanda. Kwenye maji ya namna hiyo dakika tano za mwisho usingekuwa na vidole.

Kwa hiyo kabla ya kumfikiria kibua yeyote, peleka kayaki mahali maji yametulia, yakuzidi kimo, nenda na mtu, jipindue kwa makusudi. Igeuze ikae sawa. Jilaze majini usawa wa kiti, shika ukingo wa upande wa pili, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji kama unaogelea, halafu jivute tumbo lipite juu ya kiti. Usijaribu kujinyanyua wima kama unapanda ukuta, hapo ndipo ulipopoteza robo saa yako. Tumbo likishavuka jigeuze makalio yakae, miguu iingie mwisho. Fanya hivyo mpaka uchoke, na ukishachoka fanya tena.

Kayaki yako haina kosa. Kichwa cha mtu ni kizito, kikivuka ukingo mwili unakifuata. Wazee wa vyombo wanasema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wao walikuwa na maana yao, mimi kwenye kayaki naichukua hivyo hivyo ilivyo: samaki awe tezi, yaani nyuma, awe omo, yaani mbele, kitovu chako kibaki katikati.

Pangu

mi naona mnamtisha bure jamaa. angetia nanga tu pale mwambani asingesogea popote, funga kamba ubavuni hapo karibu na kiti uwe unaifikia

MzeeWaNanga

@Pangu hapana, na naomba yeyote anayesoma baadaye asifuate hilo. Nanga ikifungwa ubavuni mkondo unaisukuma kayaki kwa upana wake wote, ukingo wa upande wa kamba unavutwa chini, maji yanapanda, umepinduka na bado umefungwa. Nanga hukaa omo au tezi. Watu wa kayaki wana ile kamba ya mzunguko ya pembeni yenye pete, unafunga nanga mbele yako halafu unavuta pete mpaka mwisho wa chombo. Kamba iwe angalau mara 3 ya kina, yenye boya na fundo la kuachia kwa mkono mmoja, na kisu kiwe karibu. Mgeni asitie nanga kabisa miezi ya mwanzo, aelee na maji, ni salama zaidi na chambo anapita mahali pengi.

DadaMshipi

Hapo kwa Mzee sina la kuongeza, mimi nirudi kwenye ndoana maana nadhani ndo imekukosesha yule samaki wa kwanza.

Ndoana ya duara haivutwi kaka. Ncha yake imekunjwa kuangalia ndani, makusudi, ili isichome kooni. Samaki anameza, anageuka kuondoka, mshipi unakaza, ndoana inateleza kutoka ndani mpaka kwenye pembe ya mdomo na hapo tu ndo inapata mahali pa kushika. Wewe ulipoinyanyua fimbo kwa nguvu samaki alikuwa bado anakuangalia, mdomo wazi, ukaichomoa kama mtu anayetoa kijiko mdomoni mwa mtoto. Akichukua, acha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) iachie, hesabu mpaka tano, wengine mpaka kumi kama chambo ni mkubwa, halafu funga na uzungushe rili taratibu tu, fimbo imeelekea kwa samaki. Utasikia uzito unajengeka. Hapo ndo unainua. Mara tatu nne za kwanza utasahau na utavuta, mkono una kumbukumbu zake, mimi nilikuwa nakalia mkono wa kulia kabisa. Na ncha ya ndoana iwe wazi, chambo akikaa mpaka kwenye uwazi wa ndoana haitashika kitu.

Kuhusu mahali pa kuchomeka sikubaliani sana na Chubwi. Mgongoni ni sawa kama umekaa pale pale au unaelea na mkondo pole pole. Ukiwa unapiga kafi ukamchomeka mgongoni unamvuta kiubavu, maji hayapiti kwenye matamvua sawasawa, anazunguka kama parafujo anakufa na mshipi unajisokota. Ukitembea mchomeke puani, kwenye yale matundu mbele ya macho, anafuata kama ngʼombe wa kamba na anapumua. Usimshone midomo yote miwili, ukimfunga mdomo atapumulia wapi. Na mwendo uwe wa kilomita 2 au 3 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea, piga kafi mara mbili pumzika. Ukitaka azame mwenyewe, mchomeke nyuma chini, karibu na pezi la mkundu, kila ukimvuta anapambana kwenda chini. Kamba hai ndo tofauti, yule pitisha kwenye pembe ya kichwani, ukiangalia kwenye mwanga kuna kidoa cheusi, kikwepe, ukikigusa amekufa.

Kitu kingine hakuna anayekiandika: angalia ncha ya fimbo. Kibua mzima anapiga mkia kwa mdundo mmoja, tik tik tik, unauzoea mpaka husikii tena. Akiona anakuja kuliwa mdundo unavurugika, fimbo inatetemeka kama ina homa. Hizo sekunde ndo za kuweka kafi chini, kukaa sawa na kuangalia breki ya rili. Ukiwa na chambo aliyekufa hizo sekunde huna, kwa hiyo Chubwi anavyokukazania uhai wa kibua sio huruma, ni simu ya kukuamsha.

Breki, yaani uzito wa kuvuta ambao rili inaanza kuachia mshipi: robo ya nguvu ya mshipi, pima kwa mizani ya kuningʼiniza nyumbani usikadirie. Mshipi wa kilo 10, breki kilo 2 na nusu, na kwenye kayaki mimi nashusha kidogo tena maana kayaki yenyewe inavutwa, nayo ni breki. Kuvutwa sio vibaya, ni raha kama ulivyosema, ila avute kutokea mbele. Mshipi ukianza kuhamia ubavuni sogeza fimbo mbele mpaka ncha ipite pua ya kayaki, chombo kitageuka chenyewe kumfuata. Akipita chini ya kayaki usishindane naye, zamisha ncha ya fimbo ndani ya maji, izungushe mbele, itokee upande wa pili. Akikaribia, tumbukiza miguu majini mmoja kila upande, utaona ghafla kayaki imekuwa kama meza. Wavu na plaizi vikae mbele kati ya magoti, vimefungwa kamba fupi. Kilichokupindua wewe sio samaki, ni wavu kuwa nyuma.

BandiaTu

kwa heshima zote, mgeni na chambo hai wapi na wapi. ndoo, pampu, betri, sabiki yenye ndoana sita inamning'inia kifuani, bado kafi bado upepo. chambo bandia kimoja mfukoni unatoka nyumbani. akishajua kukaa kwenye kayaki ndo aje kwenye vibua

DadaMshipi

@BandiaTu kwenye sabiki uko sahihi, ile kitu imenishona suruali na kiti pamoja mara mbili, ukishamaliza izungushe kwenye kipande cha boya, usiiache inaningʼinia. Ila chambo bandia anamtaka mtu atupe na avute, atupe na avute, siku nzima, na kutupa ukiwa umekaa kwenye chombo chembamba ndo kujipindua kwenyewe. Kibua ukishamwachia anafanya kazi wewe umetulia mikono kwenye kafi. Kwangu mimi chambo hai ni rahisi kwa mgeni, kinachomshinda ni kwamba anabeba wengi.

Chubwi

Dada kwenye pua nakubali, mimi huwa naelea sipigi kafi ndo maana. Nyie wa mwendo fuateni yake.

@KafiJipya nimesahau: waliobaki mwisho wa siku waachie pale pale ulipowavua. Usiwabebe ukaenda kuwamwaga ziwa lingine au mto mwingine, wala maji ya ndoo, unahamisha magonjwa na viumbe ambavyo huko havikuwepo. Na kabla hujatoka soma sheria za maji unayovulia, sehemu nyingine kubeba samaki hai kutoka maji mamoja kwenda mengine ni kosa kabisa.

KafiJipya

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu. Wiki ya kwanza sikugusa mshipi, nilikwenda na binamu yangu kwenye maji yaliyotulia kujipindua kama alivyosema Mzee. Juzi ndo nikatoka, upepo wa kutoka baharini, mdogo, binamu ana ramani na saa ya kurudi.

Vibua wanne. Nilivua kama kumi na mbili nikawarudisha wengine, roho iliuma kweli kama ulivyosema Chubwi. Ndoo mpya, pampu ndogo ya betri, kikombe kila dakika 10. Nimefika wote wanne wanazunguka wamekasirika. Mmoja akaruka nje ya ndoo mwenyewe akaangukia mapajani, nikakumbuka hasira ya mkizi furaha ya mvuvi ila huyu alikuwa kibua na mimi sikufurahi, nikamrudisha baharini maana alishagonga sakafu.

Wa kwanza nilimchomeka puani, nikapiga kafi polepole kando ya mwamba dakika 20 hakuna kitu. Halafu fimbo ikatetemeka Dada, kama ulivyosema, sikuamini, nikaweka kafi chini, ikachukuliwa, nikahesabu mpaka tano kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Nikazungusha rili. Kolekole mdogo, kilo moja na kitu hivi, ndoana kwenye pembe ya mdomo kama picha. Nimemwachia maana mikono ilikuwa inatetemeka nikaona nikianza kushika kisu nitajikata.

Wa pili aliliwa nusu. Yaani nimevuta nikapata kichwa, kimekatwa safi kama kwa wembe nyuma ya matamvua. Wa tatu mshipi wenyewe ukakatika, hakuna kuvutwa wala nini, umelegea tu. Hiyo ni nini?

Na Mzee, shikamoo tena, jaketi nimevaa, linabana bado ila nimevaa.

MzeeWaNanga

Marahaba mwanangu. Hilo la kubana legeza kamba za pembeni, kaza za tumboni. Ulijipindua mara ngapi?

KafiJipya

Sita. Tano nilipanda, mara ya tatu hata sekunde 30 hazikufika. Ya sita nilishindwa kabisa, mikono iligoma, binamu akanishikia.

MzeeWaNanga

Hiyo ya sita ndiyo niliyotaka uione. Ukiwa umepiga kafi masaa matatu na umepigana na samaki, utapinduka ukiwa na mikono ya mara ya sita, sio ya mara ya kwanza. Rudi ukaifanye na hiyo.

Chubwi

Aliyekata kibua nyuma ya kichwa ni mzia au nguru, wote wana meno ya wembe na nguru anapenda sana kukata mkia kwanza. Weka waya mwembamba sentimita 15 hadi 20 kabla ya ndoana, usizidishe, waya mrefu mgumu unamzuia kibua asiogelee na wenye macho wanauona. Na tia ndoana ndogo ya pili iliyofungwa na kipande cha waya huo huo, iningʼinie nyuma karibu na mkia, iache ilegee isimvute. Atakapokuja kukata mkia atakutana nayo. Huyo ukimpata usimshike mdomoni, hata akionekana amekufa, na usimlaze mapajani.